Mahari ya Kuelea

Siku ya kwanza (Jumatatu), tarehe 3 Machi

Misumari ya shaba: hakuna. Gundi ya mbao: nimepata. Buji mbili za kuwashia motere, injini ya pirogi: nimepata, moja nina shaka nayo. Pamba ya kuziba mianya: nirudi kesho. Siku yangu ya nne Bunia, na zote zinafanana. Asubuhi natoka kwa dada yangu Régine hapa Ngezi, napanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka sokoni, narudi na vumbi hadi ndani ya masikio. Pirogi yangu, mtumbwi wa mbao, iko nchi kavu kule Tchomia, ziwani, inabadilishwa mbao nne za ubavuni. Manase, msaidizi wangu, anawasimamia mafundi. Wiki tatu, wanasema. Mvuvi wiki tatu bila ziwa ni mtu wa kuhurumiwa.

Sasa ya jana. Sikutaka kuyaandika, lakini nimeamka nayo.

Jana nilikwenda mtaa wa Shari na wajomba zangu wawili, kwa kina Neema, mchumba wangu, kuuliza mahari. Tulikuwa tumejiandaa kwa ng'ombe. Papa Gédéon, baba yake, ni mfugaji. Uani kwake kunanuka maziwa tangu langoni. Alituacha tuseme maneno yote mazuri tuliyoyapanga. Kisha akasema:

"Ng'ombe mutaleta polepole, sina haraka nayo. Kwanza mulete rado. Ile mupira ya kuokoa watu ku maji. Ya watu sita, sababu ndani ya pirogi muko sita. Nitaiangalia mimi mwenyewe. Siku nitaipenda, njo nitatoa tarehe ya ndoa."

Wajomba walicheka, walidhani ni mzaha. Hakuwa anacheka.

Nina miaka kumi na minane ziwani. Huyu mzee hajawahi kulowesha magoti. Niliona aibu mbele ya wajomba. Mpaka sasa nimekasirika. Na Neema muda wote alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.


Siku ya pili, tarehe 4 Machi

Pamba nimepata.

Nimeulizia rado sokoni, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza dawa ya aibu. Wa kwanza alinionyesha mpira wa ndani wa tairi la lori. Wa pili alinitolea bwawa la plastiki la kuogea watoto, limechorwa samaki wanaocheka. Akasema litabeba sita wakikaa vizuri. Wa tatu aliniuliza kama Bunia imepata bahari.

Sikuweza kucheka pale. Jioni nilimsimulia Régine, nikacheka hadi chai ikanitoka puani.


Siku ya ine, tarehe 6 Machi

Ipo! Rado ipo Bunia!

Mfanyabiashara mmoja, Safari, anauza vitu vilivyotumika vinavyovuka kutoka Uganda: jenereta, viti vya ofisi, taa. Nyuma ya duka lake kuna pipa jeupe la plastiki ngumu, limefungwa kwa mikanda, kamba inatoka ubavuni. Ni ya watu kumi. Unavuta kamba, gesi inaingia, pipa linapasuka lenyewe na rado inafunguka na paa lake juu. Nililizunguka pipa mara tatu. Zuri. Jeupe kabisa, linang'aa.

Nilitaka kuona ndani. Haiwezekani. Hufunguliwa siku moja tu, siku ya ajali. Ukiifungua kujaribu, gesi imekwisha, na hapa Bunia hakuna mtu anayejua kuijaza wala kuikunja tena.

Hilo limenisumbua njia nzima ya kurudi. Mtu anawezaje kuchagua kitu ambacho hawezi kukiona? Lakini nimekipenda. Safari ana imani na pipa lake hata amekubali kulipeleka Shari mwenyewe kesho.


Siku ya tano, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Ng'ombe. Nianzie kwa ng'ombe.

Tulifika Shari saa nne, Safari na mimi, pipa limefungwa nyuma ya moto ya magurudumu matatu. Papa Gédéon alisema liwekwe ndani ya zizi, pale anapoangalia kila kitu. Akaanza kuliangalia kama anavyomwangalia ng'ombe wa kununua. Alilizunguka. Akaligonga ubavu, akasikiliza. Akalinusa. Akaomba tulipindue aone tumbo. Kisha akauliza:

"Iko na miaka ngapi?"

"Ni mupya, papa," Safari akajibu.

"Ng'ombe yote ya sokoni ni mupya." Akatoa kisu kidogo, akaanza kukwangua rangi nyeupe chini, taratibu, kama anatafuta kupe. Chini ya rangi kulikuwa na karatasi ya plastiki yenye tarehe. Mara ya mwisho kukaguliwa: miaka kumi na mmoja iliyopita. Papa alinionyesha kwa ncha ya kisu nisome mwenyewe. Mimi niliyelizunguka pipa mara tatu sikuona kitu.

Safari akasema tarehe ni maneno ya wazungu tu, gesi haizeeki. Papa akasema basi vuta. Safari akavuta, nadhani kwa hasira.

Mungu wangu. Mlio kama bunduki. Pipa likaruka vipande viwili na kitu chekundu kikubwa kikaanza kuvimba katikati ya zizi, kinapiga mluzi, kinasimama, kinageuka nyumba. Ng'ombe kumi na saba wakatazamana mara moja tu. Ua wote wa upande wa barabara ukaenda nao.

Tulikimbia mtaa mzima. Papa Gédéon na fimbo, mimi na viatu vya ukweni, Safari na shati lake la hariri. Ng'ombe mmoja tulimkuta ndani ya duka la saluni. Mmoja alisimama njiani akazuia moto zote mpaka waendeshaji wakashuka kusaidia. Watu walicheka hadi kukaa chini. Saa tisa ndipo tukampata wa mwisho, na nilikuwa sijawahi kukimbia bega kwa bega na baba mkwe.

Tuliporudi zizini rado ilikuwa imelala kama chapati. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye kila mkunjo. Papa alipitisha kidole kwenye mpasuko.

"Ngozi ilishakauka," akasema. "Hii ng'ombe ilikufa zamani, ni vile tu haijaanguka."

Safari aliikunja akaondoka nayo. Nilimhurumia kidogo. Sikumhurumia sana. Ningeifunga ile kwenye pirogi. Ningewaambia watu watano: msiogope, tuna rado.

Papa Gédéon alinipa maziwa ya mgando, kikombe kikubwa. Mara ya kwanza.


Siku ya Mungu, tarehe 9 Machi

Baada ya ibada Neema alinivuta kando, chini ya ukingo wa bati pale nyuma ya kanisa. Akasema ana jambo. Neno la rado halikutoka kwa baba yake. Ni yeye. Ni yeye aliyemwomba baba aliseme.

"Juu ya nini haukuniambia weye mwenyewe?"

"Ningekuambia mimi, ungecheka. Ungesema motere tu njo iliharibika."

Basi anajua. Anasema Manase alimwambia, kitambo.

Nilirudi Ngezi kwa miguu, kwenye jua lote. Nimekasirika na Manase. Nimekasirika na Neema. Sitaki kula.


Siku ya kwanza, tarehe 10 Machi

Si kweli nilichoandika jana. Aliyenikasirisha ni mimi.

Niandike mara moja, maana sijawahi. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, motere haikuharibika. Upepo ulitushika mbali, wimbi lilituchukua ubavu na pirogi ikapinduka. Majile, makoti ya kuelea, tulikuwa tumeyaacha nyumbani kwa Manase kwa sababu yanachukua nafasi ya samaki. Amri ilikuwa yangu. Tulishika tumbo la pirogi tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Mimi na Manase tulishikana mikono juu ya mkuku, yeye upande wake, mimi upande wangu, kila mmoja akiwa uzito wa mwenzake. Saa ya tisa hivi nilianza kuachia vidole. Si kwa kutaka. Vilianza vyenyewe. Manase alinitukania mama yangu mpaka nikashika tena. Pirogi ya wachuuzi ilituona. Wote sita hai. Nilipanda Bunia kesho yake, nikamwambia Neema tulichelewa kwa ajili ya motere, nikamletea samaki wa chumvi niliowanunua ufukweni.

Mwaka mmoja na nusu karibu amekaa na uongo wangu sebuleni kama mgeni, akimpa kiti.

Saa sita nilimngoja nje ya shule anakofundisha. Alitoka na chaki mikononi. Nikamsimulia yote, pale ukutani, moto zikipita. Nikamwambia na habari ya vidole. Alilia. Kisha akauliza kama ni kweli nililipia samaki wale. Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka huku analia, nami nikaanza, na wanafunzi wake walikuwa wanatutazama dirishani darasa zima.

Nimekula sahani mbili leo.


Siku ya tatu, tarehe 12 Machi

Sasa tunachagua kwa akili. Neema kanunua daftari jipya, anapenda kila kitu kiwe na mstari. Tantini Véronique, dada ya baba yake, huenda Kampala kila mwezi kuleta vitenge. Amewapigia watu wa huko. Rado mpya ya watu sita inapatikana. Ina paa, ina mifuko ya maji chini ili upepo usiipindue. Neema anaitaka kwa ajili ya paa. Mimi pia moyo unanivuta. Lakini kila mwaka lazima ipelekwe huko huko ikafunguliwe, ikaguliwe, ikunjwe upya. Mwaka wa kwanza tutaipeleka. Wa pili pia. Wa tano? Najijua. Na ndani ya pirogi kuna ndoano, miiba ya samaki, panga. Mpira haupendi hivyo.

Njia ya pili ni kitu kigumu. Fremu ya mbao, bidoni tupu, yaani madumu, zilizozibwa, kamba pembeni. Haina gesi, haina siku ya kufa. Lakini haina paa, na watu wanakaa na maji kiunoni.

Tulibishana tangu saa tisa. Kwa raha, lakini tulibishana. Papa Gédéon alikuwa anakamua, anatusikia. Mwisho akasema bila kugeuka:

"Iko ng'ombe ya kizungu na iko ng'ombe ya kwetu. Ya kizungu inatoa maziwa ndoo mbili. Siku docteur ya ng'ombe haiko, inakufa. Ya kwetu inatoa kikombe. Docteur akuwe, asikuwe, inaamka asubuhi. Munaenda kuishi fasi docteur iko, ao fasi haiko?"

Neema akafuta mstari daftarini.

Ya kwetu, basi. Ila paa alikataa kuliacha. Paa tutaliweka.


Siku ya tano, tarehe 14 Machi

Fundi Pascal, seremala wa hapa Ngezi, amekubali. Alifikiri nataka kitanda. Bado anafikiri ni kitanda, nadhani, kwa jinsi anavyolainisha pembe.

Bidoni thelathini za mafuta ya kupikia. Tumeziosha mimi na Neema, sabuni mpaka viwikoni. Zinapangwa kuzunguka fremu kama ukuta, na katikati, sakafu ni wavu wa kamba nene. Jambo zuri nililifikiria mwenyewe na ninajisifu hapa ambapo hakuna anayesikia: wavu umefungwa katikati kabisa ya kimo. Rado ikianguka majini kichwa chini, ni sawa tu. Haina juu wala chini. Ukiona upande, huo ndio upande.

Tantini Véronique anashona paa la bashi, turubai la rangi ya machungwa. Linakunjwa na kufungwa ubavuni, mtu analivuta juu ya kichwa kama shuka. Ameshona na maua pembeni. Nimemwuliza kwa nini. Amesema atakayeokolewa aokolewe vizuri.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha hivi nchi kavu.


Siku ya pili, tarehe 18 Machi

Jaribio. Bwawa la samaki la jirani yake Papa Gédéon, kina cha kifua.

Nilikuwa nimeleta vijana sita waendesha moto wakae ndani. Papa aliwatazama akasema hawa ni kuku. Wavuvi waliolowa ni wazito, na mtu anayeogopa ni mzito mara mbili. Alitaka uzito wa kweli. Akawaita tantini.

Walikuja sita, Véronique akiongoza, wamejifunga vitenge juu ya magoti. Wakaingia mmoja mmoja wakipiga vigelegele. Rado ikashuka, ikatulia, ikaelea. Nikaanza kupumua. Wakaanza kuimba. Ukingoni kulikuwa na watu kama siku ya sikukuu.

Kwenye ubeti wa tatu upande wa kushoto ulianza kuzama. Polepole sana. Walioimba hawakuona. Mimi niliona. Nikapiga kelele na ndipo Tantini Véronique akateleza nyuma, taratibu, miguu juu, akaingia majini bila kuacha kuimba.

Alisimama, maji kifuani, jani la bwawa kichwani. Watu walicheka hadi samaki wakaruka. Yeye alicheka kuliko wote.

Mimi sikucheka. Bidoni nne zilikuwa na maji. Vifuniko vinavuja. Papa Gédéon alizitikisa moja moja sikioni, akanirudishia, akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyouma.

Kama wangekuwa ni Manase na wale wanne wengine wa pirogi yangu, na kina si cha kifua.


Siku ya tatu, tarehe 19 Machi

Mpira wa ndani wa tairi. Nimekata duara thelathini kwa mkasi wa Régine, moja chini ya kila kifuniko. Gundi juu. Kisha waya. Mkasi umekufa, Régine haniongeleshi.

Kila bidoni nimeizamisha kwenye pipa la maji na kuikalia, nikihesabu hadi mia tano. Thelathini. Neema alikuja baada ya shule, akakalia kumi na mbili za mwisho, akisahihisha madaftari ya watoto juu ya bidoni. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotoka.

Nina hofu ya kesho kama mtoto wa mtihani.


Siku ya ine, tarehe 20 Machi

Imeelea.

Imeelea, imeelea, imeelea. Tantini sita. Saa nzima kwa saa ya Neema. Nyimbo zote za kanisa na nyingine zisizo za kanisa. Walipomaliza, Papa Gédéon akasema sasa ipinduliwe. Tukaipindua. Tantini wakapanda upande wa pili. Ikawa ile ile.

Halafu yeye mwenyewe akavua viatu.

Watoto wake wote walisimama. Neema alinishika mkono kwa nguvu. Mzee alikunja suruali, akaingia matopeni, akafika kwenye rado, akasimama. Maji yalikuwa kwenye mapaja yake. Nilimwona anaogopa; uso ulikuwa wa kijivu. Nikaingia nikamshika kiwiko. Hakuniangalia. Alipanda vibaya sana, kwa tumbo, Tantini Véronique akimvuta mkanda. Akakaa. Akashika kamba kwa mikono miwili. Rado ikamyumbisha kidogo, akafumba macho. Akafumbua. Akawatazama watu wote wa ukingoni kama mtu aliyepanda juu ya kilima.

"Tarehe tano mwezi wa ine," akasema.

Sikuelewa. Neema alielewa kwanza. Alirukia majini na viatu vyake vya shule.


Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 22 Machi

Tchomia. Rado imeshuka mlima juu ya lori la mchanga, mimi nimeikalia. Kwenye kila kizuizi niliulizwa ni kitanda cha nani. Nikasema cha watu sita.

Pirogi iko majini, haivuji. Manase aliiona rado, akaizunguka, akagusa maua ya bashi. Akacheka. Kisha akageuka akawa anatazama ziwa muda mrefu, na nilimwacha. Baadaye nikamwambia nilikuwa nimemkasirikia kwa kumwambia Neema, na sasa namshukuru. Akasema, "Ningerudia." Basi.

Tumeilaza mbele, juu ya nyavu, kamba moja tu ya kuifunga, fundo la kufungua kwa mkono mmoja. Majile sita chini ya kiti. Yanachukua nafasi. Yachukue.


Siku ya ine, tarehe 27 Machi

Leo rado imebeba watu, na si sisi.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tunavuta wavu wa pili. Upepo ukaja kutoka ng'ambo, ghafla. Nikasema tuache, turudi. Njiani Manase akasimama akanyoosha kidole. Pirogi ya wachuuzi wa soko, imepinduka, watu juu ya tumbo lake. Saba. Nilijua wanavyosikia mikononi. Nilijua kila kidole.

Kwenda karibu haikuwezekana. Wimbi lingetutupa juu ya vichwa vyao. Tukapanda upande unakotoka upepo, hatua mia hivi kutoka kwao. Nikafungua fundo. Tukaisukuma rado majini na kamba ndefu, na upepo ukaichukua. Ilipofika katikati wimbi likaipindua. Nikasikia wale watu wakilia. Nikacheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Haina juu wala chini! Ikaendelea kwenda, ikawafikia.

Walipanda mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa ameng'ang'ania mfuko wa unga na hawezi kupanda kwa mkono mmoja. Manase akapiga kelele, "Acha mufuko, mama!" Naye akapiga kelele juu ya mawimbi yote, "Iko yangu!" Mwenzake akamshika shingo ya nguo akamvuta, yeye na mfuko. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye mguu ulioumia. Alipokuwa bado majini sikuweza kutazama. Nilitazama.

Saba.

Tuliwaburuta polepole, motere kwa nguvu ndogo kabisa, saa mbili nzima. Maji yalikuwa viunoni mwao lakini bashi lilikuwa juu ya vichwa vyao. Karibu na ufuko wakaanza kuimba chini ya lile bashi la machungwa na maua yake. Watu wa Tchomia wote walikuwa wameshuka majini kuwapokea. Yule mama alifungua mfuko. Unga wote ulikuwa uji. Akautazama, akaanza kucheza pale pale kwenye mchanga, na wanawake wote wakacheza naye.

Nimempigia Neema. Nikampa Manase simu asimulie yeye, kwa ruhusa yangu safari hii.


Siku ya Mungu, tarehe 6 Aprili

Mume wa mtu.

Jana siwezi kuiandika yote, mambo ni mengi na kichwa kinauma kwa ngoma. Machache tu. Neema aliingia na gauni ambalo Tantini Véronique amelishona kwa wiki moja, na nilisahau neno langu mbele ya mchungaji; akaninong'oneza yeye. Manase alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikatoka. Watu wanne kati ya wale saba walipanda kutoka Tchomia bila kualikwa, na samaki kichwani. Papa Gédéon aliwaketisha meza yake. Aliwauliza swali moja tu kila mmoja: watoto wangapi nyumbani. Wakamjibu. Alikuwa anajumlisha kwa vidole chini ya meza, nilimwona.

Wajomba zangu wanasema hawajawahi kuona ukwe wa namna hii. Mimi pia.


Siku ya ine, tarehe 17 Aprili

Tchomia. Tulitoka mapema, tukarudi saa nne mikono mitupu. Upepo mbaya. Mawimbi mawili yaliingia ndani ya pirogi, tukachota. Kijana mmoja alitapika. Niligeuza kabla ya kutupa wavu hata mmoja. Hakuna aliyebisha.

Neema alipiga simu saa ya mapumziko ya shule. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele. Akauliza ziwa iko namna gani leo. Nikamwambia. Upepo, maji ndani, kijana aliyetapika, kwamba niliogopa pale wimbi la pili lilipoingia.

Nilisikia kengele ya shule.

Kisha akauliza kama nikipanda Bunia kesho nitakula sombe ao maharagi.

Nikasema sombe.